Anayenyamaza Ndiye wa Dharura

Ukitaka kuhudumiwa haraka katika chumba cha dharura hapa kwetu Kanda ya Ziwa, nakushauri upige kelele. Rusha kiti. Tukana mlinzi. Vua shati. Ndani ya dakika mbili utazungukwa na manesi watatu, daktari mmoja na mgambo, na sindano itakuwa imeshavutwa kabla hujamaliza tusi la pili. Lakini ukiletwa umenyamaza, umekodolea ukuta macho, huli, husemi, humfukuzi hata nzi aliyekutua mdomoni, utalazwa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango wa choo mpaka zamu ibadilike. Watu watapita na kusema: huyu ametulia.

Nayajua haya kwa sababu nami nilipita nikasema hivyo.

Nilikuwa mtarajali, yule daktari wa mwaka wa kwanza kazini ambaye ninyi mnamwita intani, katika hospitali moja mjini Mwanza ambayo sitaitaja, maana kalamu iliyokosea ilikuwa yangu. Mama mmoja alishuka kwenye meli ya Nansio na binti yake wa miaka kumi na tisa. Nyumbani kwao ni Ukerewe, na kazi yao ni kuanika dagaa. Binti alikuwa amejifungua wiki tatu kabla. Kichanga kilikuwa mgongoni kwa bibi yake, kimefungwa kwa kanga. Binti mwenyewe alibebwa na kaka zake wawili, mmoja kichwani na mwingine miguuni, na katikati hakupinda. Walimleta kama watu wanaohamisha ubao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Siku ya tano hii. Hali, hasemi. Mtoto akilia hata hamtazami."

Nilifanya nilichofundishwa. Nikapima sukari, malaria, joto, presha. Vyote vizuri. Nikamwita kwa jina lake, kimya. Nikambinya kucha kwa kalamu, akakunja uso kidogo tu, mkono hakuuondoa. Nikajaribu kumfungua macho, akayafumba kwa nguvu zaidi. Hapo nikajiona mjanja. Aliyepoteza fahamu hawezi kukaza kope. Kwa hiyo anasikia. Kwa hiyo anaweza. Kwa hiyo hataki. Nikamwambia nesi, nikiwa nimesimama juu ya kichwa cha mgonjwa, bila hata kushusha sauti: "Huyu anajifanya. Hamtaki mtoto." Kisha nikaandika kwenye faili herufi tatu ambazo kila aliyefanya kazi katika hospitali za Tanzania anazijua: HCR.

Kwa wasio wa fani, nieleze. Herufi hizo ni kifupi cha jina la zamani la Kiingereza la hali ambayo dhiki ya moyo hujitokeza mwilini: mtu anapooza mguu ambao mishipa yake ni mizima, au anaanguka kama mwenye kifafa na kifafa hakipo. Hali hiyo ni ya kweli na wenye nayo wanateseka kweli. Lakini wodini herufi hizo zimeshabadilika maana. Leo ni namna ya kusema "hana kitu" kwa lugha ya kitaalamu. Zikishaandikwa, mgonjwa anaanza kuadhibiwa: pamba ya spiriti puani, vifundo vya vidole kusugua kifua, maneno ya kejeli. Akivumilia vyote bila kutikisika, wanasema ana moyo mgumu. Akitikisika, wanasema si mnaona?

Walirudi siku ya kumi na mbili, usiku. Katikati ya siku hizo binti alikuwa amelazwa juu ya mkeka mahali pa maombezi, maana sisi tulikuwa tumeshawaambia kwamba hospitali haina cha kumfanyia. Nyongani alikuwa na kidonda kinachonuka. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Midomo ilikuwa imepasuka, mkojo ulikuwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi. Maziwa yalikuwa yamekauka.

Zamu ile alikuwepo sista mmoja aliyekaribia kustaafu. Ujanani alisomea uuguzi wa afya ya akili, akafanya kazi Dodoma. Aliweka dripu, akapima joto, akaagiza vipimo vya figo. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliuchukua mkono wa kulia wa binti taratibu, akauinua mpaka juu ya kichwa, akauachia.

Mkono ukabaki hewani.

"Daktari," aliniambia, "tazama saa yako."

Dakika moja. Dakika mbili. Mkono haukushuka. Sista akaenda kwenye kitoroli cha dharura, akachukua chupa ya diazepamu, ileile tunayompa mtoto mwenye degedege, akamwita daktari mkuu wa zamu ili aidhinishe miligramu kumi mshipani, akaisukuma polepole huku akihesabu pumzi. Mimi nilisimama na mfuko wa oksijeni mkononi, kama nilivyoambiwa. Baada ya robo saa hivi mkono ulianza kushuka wenyewe. Binti akameza mate. Akageuza shingo kumtafuta mtu. Kabla nusu saa haijaisha alisema neno lake la kwanza baada ya wiki mbili na nusu: "Maji."

Siku mbili baadaye, alipoanza kuongea sentensi nzima, nilikwenda kitandani kumjulia hali. Alinitazama muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyesema simtaki mtoto."

Yeye amenipa ruhusa kusimulia. Mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Sentensi hiyo sikuibadilisha.

Ugonjwa wenyewe unaitwa katatonia. Si mpya na si wa ajabu. Daktari wa Kijerumani Karl Ludwig Kahlbaum aliuandikia kitabu kizima mwaka 1874. Mtu anakuwa na akili inayopokea lakini mwili hautii amri. Anaweza kuwa bubu, au kuganda katika mkao ambao wewe mzima usingeuvumilia dakika tano. Anaweza kupinga kila anachofanyiwa, ukimvuta kulia anajikaza kushoto. Anaweza kukurudishia maneno yako kama kasuku, au kuiga kila unachofanya, au kukunja uso bila sababu. Wapo ambao kichwa chao hubaki kimeinuliwa kana kwamba wamelalia mto usioonekana. Na wapo, tahadhari hapa, ambao katatonia yao ni ya vurugu: wanatembea, wanapiga ukuta, wanarudia kitendo kimoja mpaka wanaishiwa nguvu. Ikiambatana na homa na mwili kukakamaa, inaua.

Wengi wakishapona husema kwamba walisikia kila kitu, na kwamba walikuwa na hofu kubwa, hofu ya mtu anayejua kwamba akitikisika tu atakufa. Sasa kumbuka tunavyoongea juu ya vichwa vyao.

Mtasema ni ugonjwa adimu, usitusumbue. Si adimu. Tafiti zilizokusanywa pamoja kutoka nchi nyingi zinakadiria kwamba karibu wagonjwa 9 katika kila 100 wanaochunguzwa katika huduma za afya ya akili wanao. Mtasema ni wa vichaa, wapelekeni Mirembe. Hapo ndipo kosa la miaka mia moja lilipo. Mwishoni mwa karne ya 19 Emil Kraepelin aliuingiza ndani ya ugonjwa ambao leo tunauita skizofrenia, na madaktari wa dunia nzima wakaamini hivyo: asiye na skizofrenia hana katatonia. Kumbe unaweza kutokea katika sonona, katika ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, baada ya kujifungua, katika kifafa, katika homa ya ubongo, katika maambukizi, hata katika mwili unaoshambulia ubongo wake wenyewe. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ulioanza kutumika Januari 2022, umeupa katatonia nafasi yake peke yake. Vitabu vimeshajirekebisha. Wodi bado.

Wala msiseme ni mambo ya Ulaya. Jirani zetu Uganda, watafiti waliwachunguza watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa, ugonjwa ambao hapa kwetu Louise Jilek-Aall aliuona Mahenge tangu miaka ya 1960. Kati ya watoto 33 waliopimwa, 16 walikuwa na katatonia, na baadhi yao walipata nafuu kubwa kwa dawa ya jamii ileile aliyopewa binti wa Ukerewe. Watoto hao walikuwa wameshaonwa na macho mengi ya kitaalamu. Hakuna aliyekuwa ameangalia jambo hilo moja.

Ufuo huu si mgeni wa watu walionyamaza. Mwaka 1906 Robert Koch, bingwa mkubwa wa vijidudu wa zama zake, alipita hapa Mwanza akielekea visiwa vya Ssese kutafuta tiba ya malale. Dawa aliyoitumia iliwapofusha baadhi ya wagonjwa, na hilo ni shtaka jingine. Ninachotaka tukione ni hiki: mtu wa malale aliyelala kimya kandoni mwa ziwa aliheshimiwa kama mgonjwa kwa sababu chini ya hadubini alionekana mdudu. Sisi tumerithi hadubini na tabia yake. Kimya chenye mdudu ni ugonjwa. Kimya kisicho na mdudu ni kiburi. Niliposoma "malaria hakuna" kwenye kile kipimo kidogo, sikusema "basi nitafute zaidi." Nilisema "basi anajifanya."

Nije kwa wale waliompokea binti baada ya sisi kumfukuza. Nyote mmekua na hadithi za msukule: mtu anadhaniwa amekufa au ametoweka, kumbe amechukuliwa, amefungwa ulimi, anakodoa macho, hajui ndugu zake. Kijana aliyesoma anacheka hadithi hizi. Mimi sizicheki tena. Mwaka 1997 Roland Littlewood na Chavannes Douyon walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa watu watatu wa Haiti ambao jamii zao ziliamini ni wafu waliofufuliwa wakafanywa watumwa. Mmoja wao, walipomchunguza, waliona ana skizofrenia yenye katatonia. Sisemi kwamba kila msukule ni mgonjwa wa katatonia. Nasema jamii yetu ilimwona mtu huyu zamani, ikamtambua kwamba hajifanyi, ikampa jina. Jina hilo lina makosa, lakini bibi wa kijijini aliyesema "mwanangu amefungwa" alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi niliyesema "mwanao hataki."

Kwa hiyo msinisubiri niwashambulie wachungaji na waganga kwanza. Anayelaza mgonjwa siku saba bila maji huku akipokea sadaka ana hesabu yake ya kutoa, na aitoe. Lakini yeye alimpokea mtu aliyetoka mlangoni kwetu. Mama yule alikuja hospitali kwanza. Alipanda meli kwanza, akalipa nauli ya watu watano kwanza. Akatoka na faili lenye herufi tatu. Tunaimba kila siku kwamba wananchi wanachelewa kuja hospitali. Huyu hakuchelewa. Tulimchelewesha sisi.

Sasa nizijibu hoja za wenzangu, maana nimezisikia zote kwenye meza ya chai.

Ya kwanza: hatuna lorazepamu. Kweli, dawa hiyo ndiyo inayosifiwa zaidi vitabuni, na ya sindano inataka friji. Lakini tangu mwaka 1984 imeandikwa kwamba diazepamu ya mshipani nayo hufanya kazi. Diazepamu imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya taifa. Ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa tulizonazo, na iko kwenye kitoroli cha dharura kwa ajili ya degedege na kifafa. Usiku ule wa kwanza ilikuwa hatua sita kutoka kitanda cha binti. Nimezipima baadaye.

Ya pili: dawa hiyo inazuia pumzi. Ndiyo, inaweza. Ndiyo maana inatolewa hospitalini, polepole, mbele ya mtu anayehesabu pumzi, na wala simwambii msomaji yeyote aijaribu nyumbani. Lakini hatuiogopi kwa mtoto wa miaka miwili anayetetemeka. Tunaiogopa tu kwa mtu mzima tusiyemwamini.

Ya tatu: tulishampa haloperidoli, haikusaidia. Hii ndiyo inayonikasirisha kuliko zote. Katika vyumba vingi vya dharura haloperidoli imekuwa jibu la kila swali la akili: anayepiga kelele apewe, anayenyamaza apewe. Kwa mwenye katatonia dawa za jamii hiyo zinaweza kumzidishia mgando, na zinaweza kumtumbukiza katika hali ya homa kali, misuli kukaza kama mbao, figo kuharibika, na kifo. Mtu aliyeganda halafu akapewa dawa ya kugandisha, kisha akafa, familia inaambiwa ni Mungu.

Ya nne: wagonjwa ni wengi, muda hakuna. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu nimefanya zamu ya saa thelathini na najua miguu inavyowaka moto. Lakini orodha ya ukaguzi wa katatonia iliyotungwa na Bush, Francis na wenzao mwaka 1996 ina dalili 14 tu za kuanzia. Ukiona mbili, unaendelea kuchunguza. Haihitaji mashine. Haihitaji umeme, kwa hiyo hata ukikatika unaweza. Dakika tano zinatosha. Mimi nilitumia zaidi ya hizo kumbinya kucha na kumwekea pamba puani.

Na wapo watakaosema: ukimpa kila anayejifanya diazepamu, utazoesha watu uongo. Nijibu kwa upole. Binadamu anayekaa siku tano bila kula, bila kunywa ya kutosha, huku kichanga chake kinalia pembeni, ili tu kukudanganya wewe intani wa miezi minne, yuko wapi? Nionyesheni mmoja. Na hata akiwepo, kosa la kumtibu mwongo ni dogo sana mbele ya kosa la kumwita mgonjwa mwongo.

Katatonia haiishi kwa sindano moja. Binti alipewa dawa kwa siku nyingi, ikapunguzwa taratibu. Chini ya mgando kulikuwa na sonona nzito ya baada ya kujifungua, nayo ikatibiwa. Wengine dawa hizi haziwatoshi, na duniani kote hatua inayofuata ni tiba ya umeme, ambayo watu wanaiogopa kwa sababu ya filamu kuliko kwa sababu ya ukweli. Wengine wana homa ya ubongo, na usipotibu homa hiyo umefanya nusu ya kazi. Kwa hiyo sindano ile ni mlango. Ukifunguka, ndipo uchunguzi unapoanza, kwa sababu sasa mgonjwa anaweza kukwambia panapouma.

Ninachodai hakihitaji mfadhili. Orodha ile ibandikwe ukutani kwenye kila chumba cha dharura, pembeni ya ile ya kifafa cha mimba. Mwanafunzi wa udaktari na wa uuguzi asihitimu bila kuikagua mwilini mwa mtu. Mgonjwa mkimya asiyekula ahesabiwe wa haraka sawa na anayetapika damu. Haloperidoli isitolewe kwa aliyeganda kabla katatonia haijaangaliwa. Na zile herufi tatu zisiandikwe tena na mtu aliye peke yake, usiku, amechoka, anayetaka kitanda kiwe wazi. Nilikuwa mtu huyo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tuliosoma tunaufasiri usemi huo kuwa ni tahadhari kwa wafalme na mabosi. Ukitaka kuusikia mshindo wenyewe, njoo zamu ya usiku.

Binti alitoka wodini baada ya wiki tatu. Damu iliyoganda mguuni ilitibiwa kabla haijapanda mapafuni, lakini anachechemea, na mtu anayeanika dagaa kwenye mawe anahitaji miguu yote miwili. Mtoto alikuzwa kwa maziwa ya kopo ambayo bibi yake aliyanunua kwa kuuza mbuzi. Siku ya kuondoka nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Mama alisema, "Tumekusamehe, mwanangu." Binti hakusema kitu. Nilimtazama mikono. Ilikuwa inatembea, inamfunga mtoto kanga. Alikuwa amenyamaza kwa hiari yake mwenyewe, na safari hii nilijua tofauti.